Dirisha la Kumi na Tisa

Ilikuwa imebaki wiki moja Dinie Lansink atimize miaka hamsini, na mumewe alikuwa mezani anakula mkate wa jibini, jicho moja amelifunika kwa kiganja, anamtazama kwa lile jingine.

"Wolter, usinitazame hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama unachagua nyama buchani. Kula."

Wolter akashusha mkono, akaendelea kutafuna. Dinie hakupata raha. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba jicho la Wolter likifunikwa kuna jambo linapikwa, na likishaiva, wa kuosha vyungu ni yeye.

Wolter Lansink alikuwa mtengeneza filamu. Jina lake lilijulikana Paris, ambako lilipigiwa makofi, na lilijulikana The Hague, ambako wabunge wawili waliwahi kutukanana kwa ajili yake. Filamu yake ya kwanza, ya mchungaji wa kanisa na nguruwe wake, ilizuiwa katika miji mitatu. Ya pili ilipata tuzo, naye akaipokea kwa hotuba ya kuwatukana waliompa. Katika ya tatu alimwonyesha mama yake mzazi akiyasahau majina ya watoto wake, moja baada ya jingine, Wolter akiwa wa mwisho kusahaulika. Wakosoaji waliandika kwamba ule ulikuwa upendo mtupu. Dada zake Wolter hawakuandika kitu, ila tangu siku hiyo hawajampigia simu.

Hayo yote Dinie aliyabeba. Alivaa gauni lake jeusi, akaenda kwenye maonyesho, akashikana mikono na watu wenye miwani mikubwa. Lililomshinda lilikuwa la hapa hapa mtaani.

Huku Achterhoek, karibu na mpaka wa Ujerumani, watu hawakuwa na kawaida ya kufunga mapazia jioni. Taa ikiwashwa, sebule nzima ilionekana kutoka njiani: maua dirishani, kabati la sahani, baba na gazeti lake. Hiyo haikuwa na maana kwamba umekaribishwa kutazama. Asiye na la kuficha haoni sababu ya pazia, na mwenye adabu zake haoni sababu ya kugeuza shingo. Watu walipita na macho yao mbele, maisha yakaenda. Mpaka majira ya baridi yale Wolter alipoegesha gari bovu la mizigo, leo mbele ya nyumba hii, kesho mbele ya ile, na ndani ya gari kulikuwa na yeye, na glavu zake nyeusi zilizokatwa vidole, chupa ya kahawa na kamera.

Mtaa ulikuwa na nyumba kumi na tisa. Filamu iliitwa *Madirisha Kumi na Manane*. Ilionyeshwa kwenye televisheni Jumapili, na kufika Jumatano vitambaa vya mapazia vilikuwa vimekwisha dukani.

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita. Tangu hapo mtaa wao ulikuwa ndio pekee katika mji mzima ambao jua likizama unakuwa kama umefiwa. Na kila mwaka, tarehe kumi na mbili ya Novemba, Dinie alipanga viti kwa duara sebuleni kwa siku yake ya kuzaliwa, kama ilivyo desturi, akakata keki vipande kumi na sita, na yeye na Wolter wakaila peke yao kwa siku tano.

Lakini hamsini si mwaka kama mingine. Mwanamke akitimiza hamsini husemwa amemwona Sara, yule wa Biblia, na majirani humletea Sara mwenyewe: mwanamke wa matambara na majani makavu, mkubwa kama mtu, anasimamishwa mbele ya nyumba kabla mwenyewe hajaamka, na bango la utani kifuani. Haletwi na mume, haletwi na ndugu. Ni kazi ya majirani, kama vile kubeba jeneza lako ni kazi ya majirani. Na nyumba ya mwanamke wa miaka hamsini isiyo na Sara, hata mleta maziwa anajua maana yake.

Hicho ndicho Dinie alichokuwa anakitaka. Hakutaka pete wala safari. Alitaka Sara, na viti vijae.

---

Alianza na Hanna Bruggink, aliyekaa ng'ambo ya barabara. Zamani walikuwa wanaingiliana jikoni bila kubisha. Siku hizi Hanna alifungua mlango nusu, akasimama juu ya mkeka wa kufutia viatu, na hakusogea.

"Jumamosi natimiza hamsini, Hanna."

"Najua. Umo kwenye kalenda yangu ya siku za kuzaliwa, ile ya chooni. Nakuona kila asubuhi nikikaa."

"Basi karibu kahawa. Saa nne."

"Na yeye atakuwepo?"

"Anaishi pale, Hanna."

"Ndiyo kasoro ya nyumba yako hiyo. Vinginevyo ni nyumba nzuri, ina bustani."

Dinie akacheka kidogo, kwa matumaini. Hanna hakucheka.

"Herman wangu," Hanna akasema, "alikuwa anatoa meno yake kila jioni, anayaweka kwenye kikombe cha chai. Nimeyaona mimi peke yangu miaka thelathini na moja, wala sijamwambia mtu. Kisha nchi nzima ikayaona, na muziki juu. Kiwandani wakamwekea kikombe mezani pake. Marehemu alikunywa supu kwa mrija mpaka alipokufa, eti mtu asione mdomo."

"Najua, shoga yangu. Nilikuja kuomba radhi."

"Ulikuja wewe. Meno hukuyapiga picha wewe." Hanna akavuta sweta lake kifuani, baridi ilikuwa inaingia, lakini hakusema pita ndani. "Na lile swali langu hujawahi kulijibu. Nyumba kumi na tisa, madirisha kumi na manane. La kwenu lilikwenda wapi?"

Dinie alitazama viatu vyake. Swali hilo alikuwa amemuuliza Wolter mara nyingi, na kila mara alijibiwa kwamba mtu hawezi kujipiga picha akiwa ndani ya gari.

"Hakupata nafasi," akasema.

"Heri yako," Hanna akamjibu, na mlango ukafungwa polepole, kwa adabu, jambo ambalo liliuma kuliko kama ungebamizwa.

Buchani kwa Gerrit-Jan Tijink kulikuwa na foleni ya wanawake watano, na Dinie ilibidi aseme mwaliko wake mbele ya wote. Tijink alipanguza kisu kwenye aproni bila haraka.

"Jumamosi," akasema. "Na mtatupa nini cha kula, Bi Lansink? Soseji ya kopo?"

Foleni nzima ikacheka. Hakuna ambaye hakukumbuka: dirisha la saba, mwenye bucha mwenyewe, aliyejisifu miaka ishirini kwa soseji za mkono wake, kaketi jikoni usiku na uma, anakula soseji ya kopo ya dukani, na anaifurahia. Nusu ya wateja wake walihamia bucha ya pili.

"Kuna keki," Dinie akasema.

"Imetengenezwa nyumbani, au nayo imetoka kwenye kopo?"

"Gerrit-Jan, unakuja au huji?"

"Nitaona," Tijink akasema, akamkatia nyama yenye mafuta mengi. Dinie akaichukua, akalipa, akashukuru.

Alikwenda nyumba zote kumi na nane. Katika nyumba kumi na nane alisimama kwenye mkeka, na katika nyumba kumi na nane aliambiwa wataona.

Nyumbani Wolter alikuwa anapiga mluzi.

"Jumamosi usiguse kitu," akamwambia. "Kahawa ni juu yangu. Wewe kaa kwenye duara kama malkia."

"Una homa?"

"Mke wangu anatimiza hamsini. Siruhusiwi kumimina kahawa?"

"Tangu nikujue hujawahi kumimina hata maji ya maua," Dinie akasema. Lakini miguu ilimuuma, na mtu akichoka sana hapeleki shauri mbali. Akamwachia.

---

Jumamosi saa mbili asubuhi Dinie alisimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala dakika nzima kabla ya kuthubutu kulivuta. Upande wa Wolter kitandani ulikuwa mtupu. Alidhani yuko chooni.

Akavuta.

Sara alikuwa amesimama bustanini. Mnene, skafu ya maua kichwani, uso wa kitambaa cheupe uliochorwa tabasamu, glavu nyeusi zilizokatwa vidole mikononi, na kifuani bango: HAMSINI, NA HATIMAYE TUNAMWONA.

Dinie alishuka ngazi na vazi lake la kulalia, viatu vya Wolter miguuni, akatoka kwenye umande. Alimzunguka Sara mara mbili. Akamtengeneza skafu, kwa jinsi ilivyokuwa imefungwa ovyo, kisha akamkumbatia, akaegemeza paji la uso kwenye bega la majani makavu, na akalia kama hajawahi kulia tangu mwanawe wa pekee alipohamia Kanada. Wamekuja, alijiambia. Wamekuja wenyewe, gizani, wamenijali.

Nyuma ya mapazia ya mtaa, simu zilianza kulia.

"Umeona kwa Lansink? Nani kampelekea?"

"Nilidhani ninyi."

"Sisi? Labda wa upande wa juu."

Upande wa juu walidhani ni upande wa chini. Tijink alidhani ni Hanna, na mke wa Tijink alidhani ni wale wa nyumba ya pembeni ambao siku zote hupenda kuonekana wema. Hakuna aliyejua, ila kila mtu alielewa jambo moja: kuna waliokwisha kusamehe, na yeye hayumo. Na katika mtaa ule kubaki wa mwisho kwenye wema kulikuwa ni aibu kubwa kuliko meno kwenye kikombe. Saa nne kasoro dakika tano kengele ililia. Alikuwa Tijink na mkewe, na soseji mbili kubwa zimefungwa utepe.

"Za mkono wangu," akasema, akitazama pembeni.

Ikalia tena. Ikalia tena. Watu walileta maua ya chungu, sabuni, taulo za jikoni. Waliingia, wakazunguka duara zima wakishikana mikono na kila aliyekaa, hongera, hongera, hongera kwa jirani yako, kama inavyotakiwa, hata wenyewe kwa wenyewe ambao walikuwa wameonana jana. Dinie alihesabu viti mara tatu. Ilibidi waongeze kigoda cha bafuni. Hanna alikuja wa mwisho. Alikawia nje kidogo, akimtazama Sara, kisha akaingia, akampa Dinie mkono, halafu, baada ya kufikiri, na shavu.

"Umezeeka," Hanna akamwambia.

"Na wewe umenitangulia."

Sebule ikachangamka. Wakasema habari za talaka ya mwalimu mkuu, za nyonga mpya ya daktari wa meno, za binti fulani aliyerudi kutoka Amsterdam na nywele za kijani. Miaka minane ya umbeya ilikuwa imelimbikizana, na Dinie aliila yote kama mtu aliyetoka hospitali. Kitu kimoja tu kilimkera: mashine ya kahawa. Ilikuwa inakoroma kule jikoni muda mrefu kuliko kahawa yoyote aliyowahi kuiona, na vikombe havikuwa vinakuja.

"Malkia anakwenda kumtazama mtumishi wake," akasema. Watu wakacheka.

---

Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo, na milango yake miwili ya mbao ilikuwa wazi upana wa vidole vitatu. Kwenye upenyo huo kulikuwa na lenzi. Nyuma ya lenzi alikuwa Wolter, jicho moja limefumbwa. Mashine ya kahawa ilikuwa inachemsha maji matupu kando yake, kufunika mvumo wa kamera, na mvuke ulikuwa umemlowesha nywele.

Dinie alifunga mlango nyuma yake. Hakupaza sauti. Watu kumi na saba walikuwa upande wa pili wa ubao wa sentimita mbili.

"Zima," akanong'ona.

"Dakika nne zimebaki kwenye mkanda. Tazama uso wa Hanna, Dinie, tazama anavyo..."

"Zima, Wolter."

Akazima. Mashine ya kahawa ikaendelea.

"Wamenisema miaka minane kwamba nilijificha," Wolter akanong'ona haraka haraka, "kwamba dirisha langu sikulionyesha. Haya, ndilo hili. La kumi na tisa. Nyumba yangu, mke wangu, kila kitu. Ni haki yao."

"Kama ni haki yao ungewaomba."

"Mtu akiombwa anakaa vibaya."

Dinie alimtazama. Ndipo akaona, juu ya friji, utepe wa skafu ya maua, kalamu nene nyeusi, na kwenye mkono wa sweta la Wolter majani makavu mawili matatu.

"Sara," akasema.

Wolter akayapukuta yale majani kwenye mkono wake.

"Ni wewe uliyemweka."

"Wasingemweka, Dinie. Ulijua wasingemweka. Nilikupa kitu ambacho..."

"Na ulikuwa wapi, nilipotoka?"

"Dirisha la bafuni." Uso wake ukalainika, na hilo ndilo lililomtia Dinie hasira hasa, kwamba alikuwa mkweli kabisa. "Umande, vile viatu vyangu, ulivyomfunga skafu. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Maisha yangu yote. Imo humu humu kwenye mkanda huu."

Sebuleni mtu alicheka, kicheko kirefu cha mke wa Tijink, na sauti zikamfuata. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kufungua kile kidirisha wazi, kila mtu akaona lenzi, na kabla keki haijakatwa viti vingekuwa vitupu, na hapo, kwa jinsi alivyomjua mumewe, ndipo filamu ingekuwa nzuri zaidi.

Akaweka mkono kwenye kamera. Miaka ya mwanzo, Wolter asipokuwa na pesa ya kulipa msaidizi, yeye ndiye aliyekuwa anamwekea mikanda. Vidole vilikumbuka kufuli lilipo.

"Asubuhi yako imo humo," Wolter akamwambia. "Ukifungua, mwanga unaua mkanda wote, na asubuhi yako nayo. Dinie. Uso wako."

Dinie alisita. Ni kweli alitamani, kwa nukta moja, kujiona alivyokuwa saa mbili asubuhi, mtu aliyependwa na mtaa mzima.

Akafungua. Akavuta mkanda kwa mikono miwili, chini ya taa ya jikoni, mita kwa mita, kama mtu anayetoa matumbo ya samaki, mpaka ukaisha. Akautia kwenye ndoo ya taka, akamwagia juu yake machicha ya kahawa.

"Sasa chemsha kahawa ya kweli," akasema. "Halafu uibebe mwenyewe."

---

Wolter aliingia sebuleni na sinia, bila kamera, nywele zimelowa. Shingo zikageuka. Aliinamisha sinia mbele ya Tijink, na Tijink, ambaye miaka minane alikuwa anavuka barabara akimwona, hakuwa na pa kuvukia. Mtu akikupa kahawa siku ya kuzaliwa ya mkewe, kuna neno moja tu.

"Hongera," Tijink akasema.

"Asante."

Akaenda kwa wa pili. "Hongera kwa mkeo." Kwa wa tatu. "Hongera, Lansink." Kumi na saba, mmoja mmoja, na kila mmoja alimtazama kwa karibu, muda wote apendao, visahani vikigongana kwenye sinia. Dinie alikata keki, na hakumsaidia.

Ni mke wa Tijink aliyeharibu. "Sasa tuambieni," akasema, mdomo umejaa keki, "nani fundi wa Sara? Maana si sisi. Mnatuonea, tungechangia hata majani."

"Nilidhani ninyi," mtu akasema.

"Sisi hapana. Si ninyi wa juu?"

"Hata."

Macho yakaanza kuzunguka duara, kiti kwa kiti, kila mtu akitikisa kichwa kwa zamu yake, na duara lilikuwa fupi. Wolter alisimama katikati na sinia tupu. Dinie alishika kisu cha keki, akasubiri, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Ni mimi," Hanna akasema.

Wote wakamgeukia. Hanna alikuwa anakoroga kahawa yake.

"Wewe Hanna? Na mgongo wako huo?"

"Mgongo ni wangu, nautumia nitakavyo. Mnataka risiti?" Akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa glavu mbili nyeusi zilizokatwa vidole, akaziweka kwenye sinia la Wolter. "Hizi niliziazima kwenu. Nimemvua Sara, zisilowe. Unajua baridi inavyoshika vidole ukikaa kwenye gari, Wolter."

Wolter alizitazama glavu zake. Watu wakaanza kumtania Hanna kuhusu uso wa Sara, kwamba umefanana na mchungaji, na Hanna akasema ndivyo alivyokusudia. Kahawa ya pili ikaletwa. Hakuna aliyeondoka mpaka saa saba.

---

Jioni Dinie alikuwa anafuta visahani, na Wolter amesimama dirishani sebuleni, kwenye upenyo wa pazia, mikono mfukoni. Duara la viti lilikuwa bado limekaa vile vile. Dinie hakutaka litolewe leo.

Ng'ambo ya barabara taa ya Hanna iliwaka. Kisha pazia lake likavutwa upande wa kushoto, likavutwa na upande wa kulia, na sebule yake ikaonekana yote: maua, kabati, kiti cha Herman. Hanna alikaa chini ya taa, akafungua gazeti, akageuza ukurasa.

"Dinie," Wolter akasema kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka mfukoni, unapanda taratibu kuelekea jicho. Dinie alikuja, na kitambaa cha vyombo begani, akaushika katikati ya njia, akaushusha.

"Usitazame," akamwambia. "Njoo ukaushe vikombe."

Kabla ya kurudi jikoni, alivuta pazia lao pia, pande zote mbili, likafunguka.